Mtoto wa German Shepherd mwenye afya: mkague mama kabla ya mtoto

Anayekwenda kununua mtoto wa mbwa macho yake yote huwa kwa mtoto: rangi, unene wa miguu, jinsi anavyokimbilia kamba za viatu. Mimi nakuomba uanze na mama. Ukimaliza kwa mama, mtazame mtu anayemlisha, kisha karatasi zao. Mtoto awe wa mwisho. Kijibwa cha wiki nane kinaweza kuruka na kucheza Jumatatu, Ijumaa kikaanza kuharisha damu. Nyonga mbovu zinaweza kujificha mpaka afikishe mwaka. Mambo hayo yanaanzia bandani alikozaliwa, na mengi yanaonekana mapema ukijua pa kutazama.

Nazungumzia German Shepherd kwa sababu ndiye mbwa ambaye watu wengi wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi humtaja wa kwanza wakitaka mlinzi wa nyumba, na magonjwa yake ya kurithi yanafahamika vizuri. Ukitaka Rottweiler au Boerboel, sehemu kubwa ya hatua hizi ni zilezile.

Kikao cha nyumbani

Dume aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32, na kwa kawaida ataishi nanyi miaka 9 hadi 13. Anapukutisha manyoya mwaka mzima. Anataka kutembezwa na kufundishwa kila siku. German Shepherd anayefungiwa mchana kutwa na kufunguliwa usiku tu hukua na woga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa jirani aliyeingia kuchukua mpira.

Kubalianeni mapema nani atamlisha mkisafiri, kama mwenye nyumba anaruhusu mbwa, na kama ukuta na geti vinamzuia kweli. Kwa sisi wa Pwani kuna pia suala la mate ya mbwa na udhu. Kama bibi anaswali barazani, au mpangaji mwenzenu anapita uani kwenda msikitini, amueni mapema mbwa atakaa upande gani na vyombo vyake vitaoshwa wapi. Nimeona mbwa wazuri wakigawiwa ovyo baada ya miezi michache kwa sababu jambo hili halikuzungumzwa.

Na kama unachohitaji ni wa kubweka usiku, mbwa wa kienyeji anatosha kabisa. Amezoea joto letu na hana gharama kubwa. Nairobi, shirika la KSPCA huwatafutia makazi mbwa waliookolewa. Usinunue mbwa wa bei kubwa kwa kazi ambayo mbwa wa kienyeji anaifanya vizuri.

Pa kumpata mfugaji

Anzia kwa daktari wa mifugo anayetibu mbwa mjini kwenu, aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania au Kenya Veterinary Board. Yeye anajua nani huleta watoto wachanjwe kwa wakati, na nani huja mbio pale tu uzao mzima unapokufa. Muulize waziwazi: "Daktari, ungekuwa unajinunulia wewe, ungekwenda kwa nani?" Kwenye hospitali za wanyama za vyuo, SUA Morogoro na Kabete kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, utapata watu wa kukuelekeza pia. Wakufunzi wa mbwa nao wana macho makali, maana mbwa wenye akili iliyotulia na wenye akili iliyoharibika wote hupitia mikononi mwao.

East Africa Kennel Club ya Nairobi husajili mbwa wa nasaba na huandaa maonyesho. Hata kama hununui mwaka huu, nenda ukawaone mbwa wazima wakitembea, uongee na wenye nao. Ila elewa cheti cha nasaba kinasema nini: kinaonyesha baba, mama na mababu. Hakisemi lolote kuhusu nyonga, wala kwamba mtoto amechanjwa. Muuzaji akikuwekea cheti mezani kama jibu la kila swali la afya, endelea kuuliza.

Watoto wanaouzwa ndani ya boksi pembeni mwa barabara waache, hata kama roho inakuuma. Dalali hukusanya kutoka nyumba mbalimbali na kuwachanganya. Mmoja akiwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha damu, wote wameshaipata kabla hujashusha kioo cha gari. Ukiuliza mama yuko wapi, utaambiwa yuko shamba. Ukimnunua mmoja kwa huruma, wiki ijayo boksi litajazwa tena.

Simu ya kwanza

Piga, usimalizane kwa ujumbe. Sauti ya mtu anayewajua mbwa wake unaitambua. Muulize mama ana umri gani, amezaa mara ngapi, na uzao uliopita ulikuwa lini. Jike hupata joto takriban kila miezi sita na hubeba mimba siku 63 hivi. Kama anazaa kila joto, hapati nafasi ya kurudisha mwili wake. German Shepherd hafai kupandishwa kabla ya kukaribia miaka miwili, kwa sababu mbili: mwili wake bado unakua, na nyonga zake haziwezi kupimwa rasmi akiwa mdogo.

Uliza watoto wanaondoka wakiwa na umri gani. Jibu unalotaka ni wiki nane au zaidi. Wapo wanaotoa wakiwa na wiki tano, kwa kuwa ndipo wanapoanza kula sana na gharama kupanda. Lakini kati ya wiki ya tano na ya nane mtoto hujifunza kwa ndugu zake na kwa mama kwamba kung'ata kwa nguvu kunakatisha mchezo. Aliyekosa somo hilo utamfundisha wewe, kwa mikono ya watoto wako.

Kisha sikiliza anakuuliza nini. Mfugaji anayejali atataka kujua unaishi wapi, una uwanja au huna, nani anashinda nyumbani, umewahi kufuga, na mbwa wa mwisho alikufaje. Anaweza kukwambia hana watoto sasa, usubiri miezi kadhaa. Usikasirike. Mtu ambaye swali lake pekee ni "utalipa lini, kaka?" hatakuwa na muda na wewe mbwa akiugua.

Siku ya kwenda bandani

Panga kwenda watoto wakiwa na wiki tano au sita, na usipitie banda jingine siku hiyo. Virusi vya parvo husafiri kwenye soli za viatu. Mwenye banda akikuambia uvue viatu, ukanyage dawa na unawe mikono kabla ya kushika chochote, umeanza kupata majibu ya maswali yako. Asipokuambia, omba mwenyewe.

Ukiingia, nusa. Kinyesi cha asubuhi hiyo ni kitu cha kawaida. Harufu kali ya mkojo wa siku nyingi iliyoingia kwenye simenti ni habari nyingine. Angalia maji: ni masafi, yako kivulini? Watoto wanalala pakavu au juu ya zege lenye unyevu? Je, wanaishi mahali wanaposikia maisha ya watu? Tangu wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne, akili ya mtoto wa mbwa huwa wazi kupokea mambo mapya bila hofu kubwa. Waliokulia karibu na jiko, wakasikia blenda, pikipiki, watoto wakigombana na mvua juu ya bati, hawatashtuka sana kwako. Waliokulia nyuma ya shamba wakiona mtu mara mbili kwa siku watajificha chini ya gari.

Sasa omba kumwona mama, akiwa na watoto wake. Hapo usikubali kisingizio. Kuambiwa kwamba "ni mkali sana, hawezi kutolewa" ni sababu tosha ya kuaga kwa adabu. Jike anayenyonyesha anaweza kubweka na kukaa kati yako na watoto, na ni haki yake. Lakini mwenye naye akiwepo na kumtuliza, anapaswa kushusha mgongo, akusogelee, akunuse, aendelee na shughuli zake. Anayetetemeka, anayejikunja pembeni huku mkia umebanwa tumboni, au anayekurukia bila kuacha, anawarithisha watoto tabia hiyo kwa damu na kwa mfano.

Atakuwa amekonda kidogo na manyoya yamepungua. Kunyonyesha ni kazi, usimhukumu kwa hilo. Kinachonitia shaka ni mifupa ya nyonga iliyochomoza kama hanga la nguo, kupe wamejipanga ndani ya masikio, au vidonda vikavu kwenye viwiko. Mwombe mwenye naye amwite akiwa amelala, umtazame anavyoinuka. Anayejisukuma kwa miguu ya mbele huku ya nyuma ikichelewa, au anayekimbia akirusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura, ana tatizo nyuma. Mgongo ulioteremka sana mpaka anaonekana anatembelea visigino, mimi siuhesabu kuwa uzuri, hata kama muuzaji anausifia.

Baba mara nyingi hayupo, na si kosa. Wafugaji makini hutafuta dume la mbali linalofaa. Omba picha zake, namba ya usajili na vipimo vyake. Ukikuta jamii sita za mbwa na mizao minne kwa wakati mmoja, na mhudumu mmoja anayekimbia huku na huko na ndoo, hapo ni kiwanda.

Nyonga, viwiko na uti wa mgongo

Ugonjwa wa nyonga hutokea pale kichwa cha mfupa wa paja kisipokaa barabara ndani ya kikombe chake. Kiungo hulegea, husagika, na mbwa hupata maumivu ya maisha. Unarithiwa, na chakula na unene huuzidisha. Kumtazama tu mbwa hakutoshi, lazima apigwe eksirei. Kwa utaratibu wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, mbwa hupimwa akiwa na mwaka au zaidi na kupewa daraja kuanzia A, nyonga nzuri, hadi E, mbaya kabisa. Marekani, OFA, taasisi inayokagua eksirei za mbwa, hutoa daraja la kudumu baada ya miezi 24. Viwiko hupewa alama kutoka 0 hadi 3, na 0 ndiyo unayoitaka.

Usiombe eksirei ya mtoto wa wiki nane, haitakuambia kitu. Omba za wazazi, zenye jina la mbwa, tarehe, na namba ya maikrochipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) kama anayo. Huku kwetu si kila mfugaji ana daraja rasmi. Asiye nalo lakini akakupa eksirei iliyopigwa na daktari unayeweza kumpigia simu, amejitahidi, na daktari wako anaweza kuitazama. Anayekujibu "mbwa wangu hawana shida hiyo" hajapima.

Lipo pia gonjwa la uti wa mgongo ambalo humpata mbwa mzee, mara nyingi baada ya miaka minane. Miguu ya nyuma huanza kuburura kucha, kisha hupooza kabisa. Kipimo chake cha vinasaba huchukuliwa kwa pamba ndani ya shavu. Mzazi mmoja tu akiwa safi kwenye kipimo hicho, hakuna mtoto atakayerithi nakala mbili mbovu za kinasaba hicho, moja kwa kila mzazi, na nakala mbili ndizo zinazoleta hatari.

Kadi ya chanjo

Ichukue mkononi, keti, isome taratibu. Kadi ya kweli kwa kawaida ina stika ndogo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Pembeni kuna tarehe ya kuchoma, sahihi na mhuri wa daktari. Sasa tazama wino. Kadi iliyojazwa kwa miezi miwili huwa na kalamu tofauti, mwandiko ulioinama tofauti, labda na doa la dawa. Kadi ambayo tarehe zote zimeandikwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, mstari ulionyooka, bila stika hata moja, imejazwa siku moja. Chukua namba ya kwenye mhuri umpigie daktari ukiwa hapohapo.

Chanjo ya kwanza ya parvo, distempa na homa ya ini hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga ya maziwa ya mama. Inamlinda mtoto, lakini pia huizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa macho itaisha wiki gani kwa mtoto yupi. Kwa hiyo ukiambiwa mtoto wa wiki nane "amemaliza chanjo zote", si kweli, hawezi kuwa amemaliza.

Uliza pia chanjo ilihifadhiwa wapi. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Kichupa kilicholetwa na bodaboda kikiwa mfukoni bila barafu, au kilicholala kwenye friji wakati umeme umekatika tangu jana, kinaweza kuwa maji tu. Ndiyo maana naamini zaidi chanjo iliyochomwa kliniki kuliko aliyojichomea mfugaji.

Dawa ya minyoo nayo iwe imeandikwa: wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Watoto huzaliwa wakiwa na minyoo kutoka kwa mama, na wengine huipata kwenye maziwa, hata banda likiwa safi namna gani.

Mtoto mwenyewe

Watazame wote kwanza, kwa mbali. Uzao wenye afya unafanana: kama watano wanacheza na mmoja amejikunja kona, usimchukue huyo, na usiwe na haraka na hao watano. Ngoja siku kadhaa urudi. Mwenye kuharisha mmoja ni habari ya banda zima.

Ukimshika, awe mzito kuliko anavyoonekana. Kilo 5 hadi 9 ni kawaida kwa wiki nane. Tumbo la duara kama mpira huku mbavu zinahesabika ni minyoo. Inua mdomo: ufizi uwe wa waridi na wenye unyevu. Ubonyeze kwa kidole, uache, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe unaonyesha damu inapotea, kwa minyoo, viroboto au kupe. Macho yasiwe na tongotongo la njano, masikio yasinuke, chini ya mkia pawe pakavu. Papasa kitovu. Uvimbe laini unaorudi ndani ukiubonyeza ni ngiri, mara nyingi ndogo na inayorekebishika, ila mwenye mbwa alipaswa kukwambia kabla hujaigundua. Dume wa umri huo awe na korodani mbili zilizoshuka.

Masikio kulala si dalili ya uchotara. Mengi husimama baadaye, wengine mpaka miezi mitano au sita wakati meno yanabadilika.

Tabia ipime kwa mchezo. Angusha funguo karibu naye. Anayeshtuka kisha akarudi kunusa ndiye ninayemtafuta kwa nyumba yenye watoto. Aliyekimbia na kubaki amejificha atahitaji mtu mwenye subira na uzoefu. Anayewakanyaga wenzake na kung'ang'ania kila kitu anafaa kwa mkufunzi kuliko familia inayofuga mara ya kwanza. Mfugaji aliyewatazama wiki nane anawajua kuliko wewe uliyewaona saa moja, kwa hiyo akikupendekezea mmoja na kueleza sababu, msikilize.

Fedha na maandishi

Usitume arbuni kwa mtu ambaye hujaona banda lake. Matapeli wanatumia picha za watoto wa watu wengine, bei ya chini inayovutia, na haraka: "kuna mwingine anakuja kumchukua jioni". Ukishatuma kwa M-Pesa, linazuka jambo jipya, nauli ya basi, kibali, sanduku la kusafiria, na kila moja lina malipo yake. Kama uko mbali kweli, omba simu ya video papo hapo, umwambie amgeuze mtoto na kumwonyesha mama pembeni yake. Video iliyorekodiwa jana haitoshi.

Makubaliano yaandikwe hata kama ni karatasi moja: majina yenu, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, alama au maikrochipu, kiasi kilicholipwa, na kitakachofanyika daktari wako akikuta ugonjwa ndani ya siku tatu za kwanza. Wafugaji ninaowaheshimu huongeza kifungu kimoja: ukishindwa kumfuga wakati wowote wa maisha yake, mrudishe kwao.

Wiki mbili za kwanza

Ondoka na chakula alichozoea cha siku kadhaa. Ukitaka kubadilisha, changanya kidogokidogo kwa wiki nzima. Ugali na dagaa peke yake haumtoshi mbwa mkubwa anayekua, na unga wenye ukungu una sumukuvu inayoharibu ini. Unga usiofaa kwa binadamu haumfai mbwa pia. Usimwongezee vidonge vya kalsiamu "miguu iwe migumu": kalsiamu iliyozidi huharibu mifupa ya mbwa wa jamii kubwa anapokua.

Mpeleke kwa daktari ndani ya siku mbili au tatu, umbebe, usimshushe chini kwenye uwanja wa kliniki. Nyumbani asikutane na mbwa ambao hujui chanjo zao. Kama mbwa aliwahi kufa kwa parvo kwenye uwanja huo ndani ya mwaka uliopita, usimlete kabla hajamaliza chanjo, kwa sababu virusi hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ya simenti isafishwe kwa sabuni kwanza, kisha jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Kwenye udongo wenyewe jiki haifanyi kazi ya maana.

Kupe mtoe kila jioni kwa kumpapasa masikioni na kati ya vidole. Homa ya kupe huwapiga German Shepherd vibaya kuliko mbwa wengine. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mtoto, mwombe daktari dawa inayolingana na uzito wake.

Parvo hujitokeza siku tatu hadi saba, wakati mwingine hadi wiki mbili, baada ya kuambukizwa. Mtoto anakataa chakula, anatapika, ananyong'onyea, kisha anaharisha kinyesi chenye damu na harufu utakayoitambua hata gizani. Usingoje asubuhi, wala usimnyweshe maziwa au tembe za binadamu. Dripu ikianza mapema, wengi hupona. Mpigie na mfugaji usiku huohuo, ili awaonye waliochukua ndugu zake.

Akifikisha miezi mitatu, achanjwe kichaa cha mbwa, arudiwe baada ya mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, hauna tiba, na hapa kwetu karibu kila binadamu anayeupata ameng'atwa na mbwa. Kadi yake iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanao, uipate haraka siku mtu atakapogonga geti akisema mbwa wako amemng'ata.